Darasa la mazoezi ya wazee: mama kaenda miezi minne, haya ndo niliyoyaona

Naandika kwa yeyote mwenye mzazi anayeshinda ndani. Mama ana miaka 71, baba alipofariki akaacha kutoka kabisa, ukimuuliza vipi anakujibu "nipo tu", kulia halii ila kila siku mgongo, mara miguu, usiku hapati usingizi, sisi watoto tukahangaika na mgongo weee mpaka daktari akatufumbua macho kwamba ile ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito (depression), kwa wazee mara nyingi inakuja kama maumivu na uchovu, huzuni yenyewe huioni. Akampa dawa na akasema tumtafutie mazoezi.

Tukaanza na baiskeli ya kukanyagia ndani. Kakanyaga siku tano, basi, ikabaki ya kuanikia kanga. Ndo tukahamia darasani.

Ni siku 3 kwa wiki, dakika 50 kila siku, yaani 150 kwa wiki, kiwango kilekile cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri. Kinachonifurahisha sio kutembea tu, kuna mazoezi ya nguvu na ya balansi pia. Lile la kunyanyuka kwenye kiti, siku ya kwanza mama alijisukuma na mikono, mara 4 akakaa anahema. Juzi nimemhesabia 11, mikono kaikunja kifuani, na alipofika ya kumi akanigeukia kuhakikisha bado nahesabu. Huo uso sikuwa nimeuona tangu msiba.

Lakini kwa mimi dawa kubwa pale ni watu. Alikosa Jumatano moja, jioni wenzake wawili wakampigia, mbona hujaja? Sasa raba anavaa saa nzima kabla ya muda.

Kasoro zipo. Muziki ulikuwa juu mno, wenye shida ya masikio hawamsikii kocha, tulimwambia akapunguza. Pia anawasemesha kama watoto wa chekechea, mama hilo linamuudhi sana na ana haki. Na mazoezi ya kulala chini, wasioweza kuinuka kutoka sakafuni wanabaki kuangalia tu, wangepewa ya kufanya kwenye kiti jamani.

Dawa mama hajaacha, na msimwachishe mtu kienyeji. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, 1999, watu 156 wa miaka 50 kwenda juu wenye sonona, baada ya wiki 16 waliofanya mazoezi walikuwa wamepata nafuu karibu sawa na waliokunywa dawa, ila wa dawa walianza kupata nafuu mapema zaidi. Hayo mzungumze na daktari.

Usingizi siku za mazoezi anaupata mpaka alfajiri, siku nyingine bado unasumbua. Nawapa nyota 4 kati ya 5.

Ukimpeleka wako, wiki za mwanzo kaa naye mlemle ndani. Mimi nilikaa mbili, ya tatu akaniambia nimsubiri nje.