Siku tatu za dago Verani, Pemba, kwa ngalawa na hema la kukodi

Nianze na bei, maana ndiyo mtakayoniuliza kwanza: shilingi 210,000, siku tatu, watu wawili. Unapewa hema, mikeka miwili, sufuria, birika, ndoo ya maji yenye mfuniko, mishipi minne ya kuvulia na ngalawa na tanga lake. Nahodha hupewi, na mimi ndilo lililonivutia. Nimekulia Mkokotoni, Unguja, pamoja na binamu yangu, kafi na tanga si mambo mageni kwetu, na tulitaka kwenda dago, yaani kupiga kambi ufukweni na kuvua, wenyewe kama walivyokuwa wakienda babu zetu. Mwenye kukodisha yuko upande wa Konde. Simtaji jina kwa kuwa nina la kumlaumu.

Safari haina hadithi: meli kutoka Malindi ya mjini Unguja hadi Mkoani, gari ya Chake, gari ya Konde, halafu msitu wa Ngezi mpaka ufukweni. Kabla ya kutia chombo majini tulipita kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale, tukajieleza, na msiruke hatua hiyo. Bahari yote ya magharibi ya Pemba imo katika PECCA, hifadhi ya mkondo wa bahari wa Pemba, tangu 2005, na mgeni mwenye hema huulizwa ana nini kwenye mzigo. Tulikuwa na mishipi tu, basi tukapewa dua tukaenda zetu.

Ngalawa sina la kuisema vibaya. Mirengu, ile miti inayoshika mbao za pembeni, imefungwa vizuri, tanga zima, na siku tatu tulifua maji mara mbili tu. Isitoshe, mwenye kukodisha alitupa ushauri wa maana kuhusu upepo. Ilikuwa Januari, kaskazi imekamata, na Verani imeelekea machweo, kwa hiyo nchi kavu inakukinga. Vumawimbi, upande wa pili wa rasi, ungepigwa na wimbi kutwa.

Mishipi ndiyo ilikuwa balaa. Nailoni iliachwa juani mpaka ikakauka, ukiivuta inalia. Ndoana zote za saizi moja, kubwa, za nguru, na sisi tunavua pembeni ya mwamba kwenye changu na tasi wenye vinywa vidogo. Jioni ya kwanza binamu alinasa kolekole. Tulimwona ubavu ukimeta chini ya chombo, tukaanza kubishana nani amshike, mara mshipi ukakatika, puu! Binamu akabaki anatazama kiganja chake, kina mstari mwekundu kutoka kidole cha shahada hadi kwenye kifundo. Bahati nilikuwa na mshipi wangu na ndoana ndogo ndani ya kopo la maziwa. Kwa huo, na chambo cha ngisi, baina ya magharibi na isha tulipata changu kumi na mmoja. Tuliwachoma kwa makumbi, tukala na mkate wa mofa tulionunua njiani. Usiku huo nilikuwa tayari kumsamehe kila mtu.

Sasa lawama yenyewe. Jamaa alitupa karatasi ya nyakati za maji kujaa na kupwa, akatuonesha na pa kupiga hema: chini ya mivinje, mchanga mweupe, pamenyooka kama kitanda. Karatasi ilikuwa ya mwezi uliopita. Na sisi tulifika mwezi una siku kumi na nne.

Usiku wa pili nilizinduka kwa mlio wa sufuria ikigonga ndoo. Nikadhani paka. Nikatia mkono chini kutafuta tochi, mkono ukaingia majini. Ilikuwa saa kumi kasoro, mbalamwezi imewaka, na bahari imo ndani ya hema na sisi. Unga wote uliroa, chumvi ikayeyuka, kiatu kimoja cha binamu hatujakiona hadi leo.

Asubuhi mzee mmoja alipita na dema lake la kunasia samaki begani. Tukampa shikamoo, akaitikia, akatazama hema lililoanikwa.

“Wanangu, mwani ule kule juu mlidhani nani kaupanga?”

Kweli, mstari wa mwani ulikuwa hatua kama kumi juu ya pale tulipolala. Nusu ya aibu naibeba mwenyewe. Mtoto wa pwani gani asiyejua kwamba wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari hujaa kwenye saa kumi na kupwa kwenye saa nne, na kwamba kati ya kujaa na kupwa kuna karibu mita nne? Lakini Mkokotoni bamvua ni habari ya chombo, hatulali ufukweni. Nusu nyingine ni ya yule anayechukua pesa kwa kuonesha mahali.

Tuliporudisha vitu alitaka 30,000 zaidi, eti hema limeingia chumvi. Nikamwonesha tarehe ya karatasi yake. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, hakuzitaja tena pesa zile.

Ngalawa yake nitaikodi tena, mwezi ukiwa wa siku saba au nane, maji mafu yasiyojaa sana. Mishipi abaki nayo.