Kipanya cha Windows 11 kwa mkono unaotetemeka: uzoefu wangu

Mkono wangu wa kulia hutetemeka, na huzidi pale ninapojaribu kuutuliza. Ndiyo maana kwenye kompyuta yoyote ya mezani huanza na mipangilio ya kipanya kabla ya jambo lingine lolote.

Kilichonifaa kuliko vyote katika Windows 11 ni kasi ya kubofya mara mbili. Mfumo huja umepangwa kusubiri milisekunde 500, yaani nusu sekunde. Ukichelewa zaidi ya hapo, unahesabiwa umebofya mara moja, kisha mara moja tena. Na kama kishale kiko juu ya jina la faili, huenda ukajikuta unalibadilisha jina badala ya kulifungua faili. Kitelezi cha kupangia muda huo kinafika milisekunde 900. Nimekisukuma hadi mwisho na kazi zangu hazijachelewa hata kidogo, hivyo naona muda mrefu zaidi ungefaa kuwa wa kuanzia kwa kila mtu. Mwenye vidole vyepesi atabofya haraka kama kawaida yake.

Ila muda si sharti pekee. Mara ya pili lazima uangukie karibu kabisa na pale pa kwanza, ndani ya kieneo cha pikseli 4 kwa 4, na kitelezi cha kukipanua sijapewa. Mkono ukicheza kidogo tu, faili linaanza kuburutwa. Dawa yangu ni kubofya mara moja halafu kubonyeza Enter.

Siku mkono ukigoma kabisa, nabonyeza kwa pamoja Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock. Baada ya kuthibitisha, vitufe vya namba vya pembeni ndivyo vinavyosogeza kishale: 5 hubofya, alama ya kujumlisha hubofya mara mbili. Ni polepole, tena sana, lakini kishale kinakaa pale ulipokiweka. Napenda zaidi kwamba unawasha haya kwa kibodi. Msaada wa mtu asiyeweza kipanya haufai kufichwa mahali panapofikiwa kwa kipanya! (Windows pamoja na U hufungua ukurasa wa ufikivu moja kwa moja.)

Kuna pia ule uongezaji kasi unaokuja ukiwa umewashwa: ukisogeza kipanya kwa ghafla, kishale huruka mbali zaidi. Kwangu kila mshtuko wa mkono ulikuwa safari ya upande wa pili wa skrini. Nimeuzima.

Ukubwa wa kishale unaanzia 1 hadi 15. Mimi niko 3, rangi ya njano. Vivuli vinavyokifuata kishale nyuma vilinichosha macho.

Unayetumia kompyuta moja na wenzako, usiogope kubadilisha: mipangilio hii hufuata akaunti yako, na wao wakiingia kwa akaunti zao watakuta ya kwao ilivyokuwa.