Bitcoin Core: programu isiyojiapdeti yenyewe, na ndo raha yake

Kama shida yako ni kununua na kuuza bitcoin tu hii haikuhusu, app za simu zipo kibao. Core ni ya mtu anayetaka nodi yake nyumbani (kompyuta inayoendesha programu hii na kukagua miamala ya bitcoin) akague mwenyewe kila muamala tangu Januari 2009, asimuulize mtu kama hela imeingia kweli au la. Ni bure, Windows, Mac na Linux zote inakubali.

Mi ninachokipenda ni kwamba haijiapdeti. Toleo jipya likitoka linakaa hukohuko mpaka ulishushe kwa mkono wako, wengine wanaona ushamba lakini ndo hapo sheria za bitcoin zinapolindwa, maana hakuna bosi wa kubonyeza kitufe ukalala na sheria hizi ukaamka na zingine. Waandishi wa programu wanapendekeza mabadiliko, wachimbaji (wanaotengeneza bloku, yaani mafungu ya miamala) wanaonyesha ishara ya kukubali kwenye bloku zao, ila we mwenye nodi ndo unaamua uendeshe toleo gani.

2017 hiyo kitu ilipimwa kwelikweli. Mwezi Mei makampuni makubwa na wachimbaji wakubwa wakakubaliana New York kwamba SegWit (badiliko la namna saini za miamala zinavyowekwa kwenye bloku) iingie halafu ukubwa wa bloku upandishwe mara mbili, wakadhani wameshamaliza. Wenye nodi kibao wakagomea hilo la pili. SegWit ikaingia Agosti, kupandisha bloku kukafutwa Novemba kabla hata ya kuanza, na waliotaka bloku kubwa walishajitoa tarehe 1 Agosti wakaanzisha Bitcoin Cash yao. Taproot, badiliko jingine la sheria la 2021, haikuwa na vurugu hizo, ilitakiwa asilimia 90 ya bloku zionyeshe ishara ya kukubali ndani ya kipindi kimoja cha bloku 2,016, zikapatikana, Novemba ikaanza kazi.

Disk andaa, data zote zimeshapita gigabaiti 600. Unaweza kuiambia ifute za zamani ikabaki na kidogo tu ila kuzishusha zote mwanzoni lazima, kwa bando la simu usijaribu.

Toleo la 30 la Oktoba 2025 limeleta ugomvi, wamelegeza kiwango cha data za pembeni (OP_RETURN) ambazo nodi inapokea na kupitisha, ambacho hata sio sheria ya kuamua bloku ipi ni halali, wengine wakahamia Knots, programu nyingine ya kuendesha nodi. Hakuna aliyewazuia.

Nyota 4. Ya tano nimeinyima sababu maelezo ya matoleo yameandikwa kama mafundi wanaongea wenyewe kwa wenyewe, sasa mtu wa kawaida atakataaje kitu asichokielewa?