Miwani za shuleni Mwanza: tumezipima aina nne, pamoja na huduma inayokuja nazo

Mtoto anayehitaji lenzi ya −2.00 huona vizuri mwisho sentimita 50 kutoka usoni. Anaona daftari lake na pengine kisogo cha aliyekaa dawati la mbele. Ubao haumo kabisa. Wa −1.00 anafika mita moja, wa −0.50 mita mbili. Ukimweka huyo nyuma ya darasa lililofurika, atanakili kwa jirani, na mwalimu atamwandika kuwa ni mzito wa kuelewa.

Huduma za kupima macho shuleni zimekuwa zikifika wilaya za Nyamagana, Ilemela na hata visiwani, na kila timu huja na aina yake ya miwani. Tathmini hii inawalenga walimu wakuu na kamati za shule zinazoombwa kufungua milango. Kigezo chetu ni kimoja: je, siku ya tisini miwani ile bado iko usoni kwa mtoto? Picha za siku ya makabidhiano hazituambii chochote.

Tuanze na idadi, maana uzembe mwingi huanzia hapo. Utafiti wa wanafunzi 2,511 wa sekondari katika Jiji la Mwanza, uliochapishwa mwaka 2002, uliwakuta asilimia 6.1 wakiwa na tatizo kubwa la upeo wa macho kuona, lile linalorekebishwa kwa miwani. Wengi wao walikuwa hawaoni mbali, asilimia 5.6. Waliokwisha kuwa na miwani hawakufika hata theluthi. Kwa hesabu hiyo, sekondari ya wanafunzi 1,000 itarajie jozi kama 60, na shule ya msingi pungufu ya hapo. Takwimu ni za siku nyingi na huenda idadi imepanda, lakini timu ikiingia asubuhi na kuondoka jioni imeshagawa jozi 200, ujue kuna watoto wamevishwa +0.25, lenzi ambayo ni karibu na kioo kitupu, ili ripoti ipendeze. Miwani itolewe tu pale inapomwongezea mtoto angalau mistari miwili kwenye chati. Mwambie mpimaji akuonyeshe maandishi: mstari aliousoma bila miwani, na mstari aliousoma akiwa nayo. Asipokuwa na daftari hilo, mshukuru na umsindikize getini.

Sasa miwani zenyewe.

Fremu za kubofya ndizo tunazozipendelea kwa watoto wengi. Lenzi zinakuja zimeshakatwa kwa umbo moja, kila kipimo kwenye pakiti yake, na fundi anazibofya kwenye fremu kwa kidole gumba. Jicho la kulia likiwa −1.50 na la kushoto −2.25, anachukua pakiti mbili tofauti na kazi imekwisha ndani ya dakika chache. Kwa shule ya kisiwani Ukerewe faida hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, maana mtoto anaondoka nayo siku ileile badala ya kusubiri bahasha irudi na meli ya Nansio, ambayo mara nyingi inakuja wakati likizo imeanza. Kasoro zipo. Boksi la timu mara nyingi lina lenzi zenye nguvu sawa pande zote tu, hivyo mwenye astigmatizimu kubwa, yaani jicho lisilopinda sawasawa pande zote, hapati kitu, na kosa la kawaida ni kumpa "ya kukaribiana" badala ya kumwandikia ya kukatwa. Pia fremu ikiachwa juani, mfano kwenye dashibodi ya gari, plastiki hulegea na lenzi huanza kuchomoka zenyewe. Alama 8 kati ya 10.

Fremu za waya wa springi zilianza kujulikana kupitia shirika la Ujerumani la EinDollarBrille, lililoanzishwa mwaka 2012. Waya unakunjwa kwa mashine ndogo ya mkono isiyohitaji umeme, na lenzi ngumu zinaingia kwa kubofya. Hizi ni nyepesi sana na zinastahimili mikiki: mtoto akizikalia, waya unapinda na kurudi. Kwa watoto wanaokimbizana juu ya mawe ya Mabatini kutwa nzima, sifa hiyo si ndogo. Shida yake ni sura. Wasichana wa kidato cha pili hawazitaki, na hatuwalaumu. Duara jembamba la waya linamfanya mtu aitwe "babu" kabla ya mapumziko ya saa nne. Vishanga vya rangi vya pembeni vinasaidia kidogo kwa wa darasa la tatu, kwa wakubwa havisaidii. Alama 7, na 5 kama ni sekondari.

Miwani za kukatwa katika maduka ya katikati ya jiji ni lazima kwa wenye astigmatizimu, kwa wenye namba kubwa, na kwa wenye macho yanayotofautiana sana. Hapa aina ya lenzi ndiyo ya kuulizia. Kioo halisi kisimkaribie mtoto. Plastiki ya kawaida inavumilika, ila polikaboneti, plastiki ngumu zaidi, ndiyo bora kwa sababu haipasuki vipande mpira ukimgonga usoni. Ina udhaifu wa kuchubuka, kwa hiyo lazima iwe na tabaka gumu juu. Ubora wake tunaupa 9. Lakini zikiagizwa bila mtu wa shule kupewa jukumu la kuzifuata, wiki mbili zinageuka miezi miwili, na hapo tunashusha hadi 6.

Zile za kujirekebishia, zenye kimiminika ndani ya lenzi na kirungu cha kuzungusha pembeni, zilitokana na kazi ya Joshua Silver wa Oxford. Wazo ni zuri, na pale pasipo na mpimaji zinaweza kusaidia kijana mkubwa. Kwa mtoto mdogo tunazikataa. Jicho la mtoto lina nguvu ya kujikaza, naye atazungusha hadi aone kali, kumbe amejiwekea namba kubwa kuliko anayohitaji. Jioni kichwa kinamgonga. Halafu hazitibu astigmatizimu, na zinaonekana kama kifaa cha maabara. Alama 3.

Mitumba ya miwani kutoka ng'ambo tusiipotezee muda. Uchunguzi mmoja wa jozi 275 za msaada, uliotolewa mwaka 2012, ulikuta asilimia 7 tu ndizo zinazofaa kutumika.

Tukirudi kwenye upimaji, makosa ni yaleyale kila shule. Chati ya E, yenye herufi E zilizogeuzwa pande mbalimbali, iliyotengenezwa kwa mita 6 inatundikwa ukutani, chumba ni kifupi, basi watoto wanasimama mita 3 na wote wanafaulu. Kama nafasi ni mita 3, itumike chati ya mita 3. Pimeni kwa futi kamba, si kwa hatua za mwalimu, kisha choreni mstari wa chaki ambapo visigino vitakaa. Foleni isimame mahali isipoiona chati, la sivyo mtoto wa ishirini anaijua kwa moyo. Jicho lifunikwe kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, bila kuligandamiza. Vidole vikifunika, mtoto huchungulia katikati, na hafanyi hivyo kwa ujanja, anataka tu kufaulu mtihani. Kiwango kinachotumika sana ni mstari wa 6/12, ule ambao mwenye macho mazuri angeusoma hata akiwa mita 12: asiyetaja sawasawa upande wa E nne kati ya tano, kwa jicho lolote moja, anapelekwa kwa mpimaji. Kazi hiyo mwalimu wa afya anaiweza vizuri akifundishwa. Kuandika namba ya miwani hapana, hiyo ni ya mtaalamu wa optometria, yaani upimaji wa macho, mwenye retinoskopi (kifaa cha kumulika jicho ili kupata namba yake) na boksi la lenzi za majaribio.

Kwa watoto wadogo, na kwa yeyote ambaye majibu yake yanayumba, mtaalamu atataka kutia matone ya kulegeza jicho. Hapo kamati iwe imeshaandaa ridhaa za wazazi. Matone huchukua nusu saa au zaidi kufanya kazi, na baada ya hapo kusoma kwa karibu kunakuwa taabu na jua linachoma hadi kesho yake. Msipange siku hiyo iwe ya mitihani, na mtoto asivuke barabara kubwa peke yake kurudi nyumbani.

Kuvisha miwani ndiko kunakoharakishwa kuliko yote. Mtu anapasua pakiti, anamkabidhi mtoto, anaita "anayefuata!" Katikati ya lenzi lazima ikae mbele ya mboni. Chukua mtoto ambaye umbali kati ya mboni zake ni milimita 54, umvishe fremu ambayo katikati za lenzi zake zimeachana milimita 62: kila lenzi imehama milimita 4. Kwa namba −1.00 hatahisi chochote. Kwa −4.00 macho yatakuwa yanavutana siku nzima, na wiki ya pili miwani itakuwa chini ya godoro. Kisha pua. Fremu nyingi za plastiki zimechongwa kwa pua iliyoinuka. Kwa watoto wetu, jasho likianza tu, zinateleza hadi puani chini na mtoto anatazama juu ya fremu. Dai fremu zenye vidole vya puani vinavyokunjika, na fundi avisogeze hadi zitulie. Mwambie mtoto acheke: mashavu yakiinua fremu, imekaa chini mno. Mwambie atikise kichwa na kuinama kama anayefunga kamba za viatu. Zikianguka, mikono ya fremu ikunjwe upya nyuma ya sikio.

Baada ya hapo ni matunzo. Adui wa kwanza ni pindo la shati la sare, maana lina vumbi la chaki na mchanga na linafanya kazi ya msasa. Lenzi zioshwe kwa maji na tone la sabuni, zifutwe kwa pamba laini iliyofuliwa. Adui wa pili ni skrubu ya bawaba. Inalegea kimyakimya, inadondoka, mtoto anafunga kwa uzi, mwisho anaacha kuvaa. Kila shule ibakiziwe bisibisi ndogo kama ya fundi saa, skrubu 20 au 30 za ukubwa wa fremu zilizogawiwa, na jozi chache za akiba. Gharama yake ni ndogo kuliko soda za siku ya makabidhiano.

Hata miwani za bure haziendi zenyewe usoni. Katika utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2008, wanafunzi waliopewa miwani bure walikutwa nazo asilimia 47 baada ya miezi mitatu. Walioandikiwa tu karatasi ya kwenda kununua, asilimia 26. Nyumbani nako kuna imani kwamba miwani inaharibu macho. Si kweli, lakini inafanya mzazi aifungie kabatini hadi siku ya mtihani, kwa hiyo mzazi aitwe, aone mwenyewe mtoto wake akisoma ubao bila miwani na akiwa nayo. Na walimu wa zaidi ya miaka 40 wapimwe siku hiyohiyo, wapewe za kusomea. Mwalimu wa hesabu akivaa yake, utani wa "babu" unapungua.

Asiyeona vizuri hata kwa lenzi za majaribio, mwenye kengeza, au mwenye doa jeupe kwenye mboni asipewe miwani ya kumfariji. Aandikiwe rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando, na jina lake libaki kwa mwalimu wa afya. Ufuatiliaji una nguvu: huko Trans Nzoia, Kenya, watoto ambao wazazi na walimu wao walikumbushwa kwa simu walifika hospitali asilimia 54, wengine asilimia 22. Watoto wenye ualbino nao wanahitaji zaidi ya miwani: dawati la mbele lisilotazama dirisha, maandishi makubwa, kofia ya ukingo mpana, na ruhusa ya kuusogelea ubao bila kuomba.

Kabla ya kusaini, iulizeni timu tarehe ya kurudi. Iwe kati ya wiki ya kumi na ya kumi na tatu, muhula ukiendelea, na wasitangaze. Waingie darasani saa mbili asubuhi, wahesabu nyuso zenye miwani, kisha waulize zilizobaki ziko wapi.