TV ya chogo imefufuka kwa kikapasita kimoja, ila hii seti ya kapasita naipa 3 kwa 5

TV yenyewe ni ya chogo inchi 21, zito hilo. Ilianza kwa madeko, ukiwasha inafanya tik tik tik, kataa kekundu kanapepesa, unaiacha kama dakika kumi inajiwakia yenyewe utadhani hakuna kilichotokea. Baadae dakika kumi zikawa nusu saa, mwisho ikagoma kabisa. Fundi niliyempelekea hata skrubu hakufungua, akasema flaibaki, ile transfoma inayotoa umeme mkali wa kioo, imekufa nunua flati. Nikarudi nayo mgongo unauma.

Kama hujazoea kushika mita usiguse hii kitu. Ile kapasita kubwa ya volti 400, kile kikopo kinachotunza umeme, inabaki na chaji hata ukishachomoa plagi, mi naimwaga kwa taa ya wati 60, zile balbu za zamani, niliyoiunga nyaya mbili, sio kwa bisibisi kama wale wapenda cheche. Na fyuzi usiiunge kwa waya jamani!! Weka taa ya wati 100 mahali pake, chomoa na ule waya unaozunguka kioo, halafu washa, taa ikiwaka kali na isishuke ujue kuna shoti.

Yangu ilimulika mara moja ikafifia, nikarudisha fyuzi. Kapasita kubwa nikakuta volti 322, kwa hiyo fyuzi na zile dayodi nne za kunyoosha umeme ziko poa. Kituko kiko upande wa pili wa transfoma ya pawa, pale panapotakiwa volti 112 mita inaruka 20, 45, 30, haitulii. Nikang'oa transista ya laini, ile inayoendesha flaibaki, nikaweka taa ya wati 60 iwe mzigo, bado inaruka vilevile. Flaibaki ya watu ilikuwa inasingiziwa tu.

Ndo nikanunua seti ya kapasita mchanganyiko. Jioni ya kwanza nimeipoteza kijinga, nimebadili tatu kubwa za upande wa pili kisa zimezungukwa na uchafu wa kahawia, kumbe ni gundi ya kiwandani. Tik tik iko palepale. Mchawi alikuwa kadogo ka maikrofaradi 47 (huo ndo ujazo wake) volti 50, kamebanana na bati la kupooza IC ya pawa, ile chipu inayoendesha umeme wa TV, miaka yote kanaokwa pale. Kwa macho kako kazima kabisa, hakajavimba wala kuvuja, kupima kanasoma 6! Kazi yake ni kulisha IC ya pawa, kakikauka IC inaanza inakata inaanza inakata, na kakipata joto kanajikongoja kidogo ndo maana TV ilikuwa inawaka baada ya kusubiri. Nimeweka mpya, hasi na chanya nimeangalia mara tatu, nimeilaza mbali kidogo na lile bati. Volti zikasimama 112 haziyumbi, transista nikairudisha, picha hiyo.

Sasa seti yenyewe. Saizi ziko nyingi kweli, na hiyo 47 niliyotumia ilisoma 46, safi. Lakini za maikrofaradi 100 nimepima tano, tatu zimesoma 70 na kitu, halafu zote zimeandikwa zinahimili joto la nyuzi 105 wakati miguu yake laini kama uzi, mi siamini. Ile kubwa ya volti 400 iliyokuja humo ni fupi nusu ya ile ya zamani na maandishi ni yaleyale, hiyo siiweki kwenye TV ya mtu yeyote, hata ya yule fundi.