Sienta haibridi ya 2015, mwaka wa kwanza wa modeli: miezi kumi na nne nayo Pemba

Nimeulizwa sana hii gari, Toyota Sienta haibridi, yani inayotumia petroli pamoja na mota ya umeme, skuli, harusini, mpaka kwenye foleni ya mkate asubuhi, kwahiyo leo naandika kwa urefu ili nikiulizwa tena nimpe mtu asome. Na nitaanzia kwenye kile kilichotaka kunizuia kabisa nisiinunue, nacho ni mwaka. Sienta ya umbo hili ilitoka Japani Julai 2015, na yangu imeandikwa 2015, yani ni katika zile za miezi ya mwanzo mwanzo. Kila aliyesikia akanipa neno lile lile, usichukue gari ya mwaka wa kwanza, hapo kiwanda bado kinajifunza, wewe subiri za mwaka wa tatu wa nne ambazo kasoro zishatolewa.

Neno hilo sikulipuuza kwa sababu kwetu lilishatuuma. Kaka yangu aliwahi kuleta kigari cha abiria, modeli mpya mpya, Pemba nzima kilikuwa peke yake na watu walikuwa wanakuja barazani kwetu kukitazama. Mwezi wa tano kikawasha taa kwenye dashibodi na kikawa hakitaki kupanda kilima. Mafundi watatu walikuja, mashine ya kusomea makosa ikichomekwa haiitambui hiyo gari ni gari gani, inaandika tu haipo. Mwisho ikagundulika ni sensa moja ndogo kadri ya kifuniko cha chupa ya soda, Unguja haipo, Dar haipo, ikaagizwa nje. Wiki tisa gari iko chini ya mshelisheli, kioo kimejaa majani, kuku wanalala chini yake, na kule benki kila mwisho wa mwezi wanakata chao kama kawaida. Nilimuona kaka yangu anavyotoka alfajiri anaitazama halafu anarudi ndani hasemi kitu. Sasa mtu aliyeona hayo akiambiwa habari ya mwaka wa kwanza lazima moyo umpige.

Basi nikaenda Unguja na pesa zangu, kibati (upatu) nilichopokea mwezi ule pamoja na mkopo wa mshahara, jumla milioni 24. Yadi niliyokwenda walikuwa nazo mbili, hii ya 2015 haibridi wanataka milioni 23 na nusu, na ya mwisho wa 2018 ambayo ishabadilishwa sura wanataka 31. Nilichukua na fundi mmoja anayetengeneza haibridi pale mjini, nikampa elfu hamsini ya siku yake, na hizo ndo pesa nilizozitumia vizuri kuliko zote mwaka ule wallahi.

Nikamwambia fundi mimi tatizo langu ni moja, hii ni ya mwaka wa kwanza. Akaniuliza, "Mwaka wa kwanza wa nini, mwalimu? Wa bodi au wa injini?"

Nikabaki namtazama maana hilo swali sikuwahi kulisikia kwa mtu. Akafungua boneti akanielekeza. Injini ya hii haibridi ni 1NZ-FXE, lita moja na nusu, jina hilo hilo limo kwenye Aqua, haibridi nyengine ya Toyota, tokea mwisho wa 2011, na ukoo wake unarudi mpaka Prius ya kwanza kabisa ya 1997, nayo haibridi ya Toyota. Njiani wameibadilisha vitu vingi sana, hiyo ya Aqua si ile ya 97, lakini ndo hivyo, mpaka inafika kwenye Sienta watu washaijua miaka na miaka. Betri kubwa nayo ni ya nikeli, teknolojia ile ile ya zamani. Sasa sikilizeni hapa penye ajabu, Sienta ya petroli ya kawaida ya mwaka huo huo 2015, ile ambayo wengi wanaikimbilia kwa kuiogopa haibridi, ndo iliyowekwa injini ngeni, 2NR-FKE, iliyoanza kutoka mwaka ule ule. Sisemi ni injini mbaya, hapana. Nasema ukizitazama mbili zile kwa jicho la huu ni mwaka wa kwanza, mgeni ni yule tuliyemdhani mwenyeji. Hapo ndo nilipoelewa kwamba ule mwaka ulioandikwa kwenye karatasi haukwambii chote, lazima ujue kilichokuwa kipya mwaka huo ni kitu gani. Kama ni bodi na siti na taa hiyo hofu yake ni ndogo. Kama ni gia boksi ambayo dunia haijawahi kuitumia, hapo ndo usubiri kweli.

Na mfano wa kusubiri upo, si wa kutunga. Honda Fit haibridi iliyotoka Septemba 2013 ilikuja na gia boksi mpya kabisa ya kluchi mbili iliyounganishwa na mota ya umeme. Ndani ya mwaka mmoja na kidogo ikaitwa irudi kurekebishwa mara tano, na ile ya tano Oktoba 2014 wakubwa wa Honda wenyewe wakakatwa mishahara, raisi wa kampuni wa wakati huo Takanobu Ito akakatwa asilimia 20 kwa miezi mitatu. Mwalimu mwenzangu anayo Fit haibridi ya 2016 na anaisifu kila siku, na mimi nimepanda, tamu. Lakini ya mwisho wa 2013 nisingeichukua bila kuona ushahidi kwamba marekebisho yote yalifanyika. Na msiseme Toyota haiwezi kupatwa, maana bZ4X, gari yao ya umeme mtupu, ilianza kutolewa Japani Mei 2022 na Juni wakatangaza watu wasiziendeshe kabisa kwa sababu bolti za magurudumu zinaweza kulegea, gari kama 2,700, wakaja kurudi nayo Oktoba. Kampuni iliyounda magari tokea miaka ya thelathini, na kwenye kitu kipya imeteleza kwenye bolti za tairi.

Ushahidi wenyewe unaonekana wapi? Hili nilikuwa silijui na nadhani wengi hawalijui. Fundi alifungua mlango wa dereva, akainama pale kwenye chuma ambacho kitasa cha mlango kinashika, akapangusa vumbi kwa kidole, pakatokea stika ndogo ina namba. Akasema gari ikiitwa kurekebishwa kule Japani, ikimaliza mara nyingi wanabandika stika pale. Mimi siku zote nikiona vile vistika nadhani ni uchafu wa kiwandani, na kuna watu wakipeleka gari kupakwa rangi wanavikwangua! Halafu akanichukulia namba ya chesisi, akaingia mtandao wa Toyota wa Japani, simu ikatafsiri ukurasa, akaiandika namba na ikatoa kama kuna deni la marekebisho au hakuna. Dakika tano na bila malipo. Gari ikishatoka Japani hakuna atakayekupigia simu huku Wete kukwambia njoo tukubadilishie kifaa, kwahiyo ni juu yako kutazama mwenyewe kabla hujatoa pesa. Yangu ilikuwa safi.

Sasa nirudi kwa kaka, maana baada ya siku ile niliielewa upya hadithi yake. Gari yake haikuwa mbovu. Kule ilikotoka huenda fundi angelimaliza siku moja. Shida ni kwamba ilikuwa gari ya kwanza ya aina yake hapa kisiwani. Gari zetu huwa na mwaka wa kwanza mara mbili, mara ya kwanza Japani na mara ya pili siku zinaposhuka bandarini kwetu, na hii ya pili ndo inayomuumiza mtu wa Pemba zaidi, kwa sababu hata kiwanda kiwe kishajifunza, fundi wako hajajifunza, na mwenye duka la spea za mtumba hajapata hata moja iliyogongwa akaikata. Ndo maana kabla ya kulipa nikazunguka maduka matatu ya spea mjini nikauliza vitu vya Sienta hii kimoja kimoja. Vya injini na mambo ya haibridi, kote wakaniambia hakuna shaka, vingi vinalingana na Aqua na Aqua zishaingia kitambo. Taa ya mbele, duka la kwanza hakuna, la pili hakuna, la tatu ipo ya kushoto tu na bei yake ilinikausha koo. Mota ya mlango wa kuteleza, niagizie. Kwahiyo nikajua hofu yangu iwe wapi, nisigonge mbele na milango niitunze, vilivyobaki nilale.

Nikazungumza nao wakashuka mpaka 22 na laki nane, tukaipakia melini bandari ya Malindi, Unguja, tukaishusha Mkoani, Pemba.

Haya, gari yenyewe. Mafuta, kitabu cha Kijapani kinasema kilomita 27.2 kwa lita, hizo ni za maabara huko kwao. Mimi kwa vilima vya Pemba, Wete Chake kwenda na kurudi, watoto watatu na mizigo, napata 19, nikiwa peke yangu asubuhi na mapema inafika 21. Gari niliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa inanipa 10 na nikishukuru, sasa fikiria. Kupanda kilima ina nguvu ya kutosha ila haipendi kulazimishwa, ukiikanyaga kwa hasira inalia tu, ukiipandisha taratibu mota inasaidia na inapanda vizuri. Kuteremka ndo raha yenyewe, unaachia mafuta na inajichaji.

Milango ya kuteleza sikwambii. Bi mkubwa wangu, mama yangu, ana magoti, gari ya zamani tulikuwa tunamshika watu wawili kumuingiza, mmoja kiuno mmoja miguu, na yeye hapendi kushikwashikwa mbele za watu. Hii sakafu yake iko chini, mlango unajifungua wenyewe, anakaa kitako kisha anavuta miguu, anapanda peke yake. Siku ya kwanza kumpeleka spitali Chake alipanda, akashuka, akapanda tena, akanambia mwanangu umeninunulia mlango. Mimi nililia siku ile.

Siti za nyuma kabisa ni za watoto, mtu mzima mrefu akae kutoka Wete mpaka Mkoani atashuka amejikunja. Ila zinakunjwa na kuingia chini ya siti za kati, unapata sehemu kubwa, wakati wa karafuu nimebeba magunia bila kung'oa kitu. Iko chini, kwenye njia za shamba zenye mawe uende kwa adabu, na masika ile njia ya kwetu ya udongo naiacha gari juu barabarani nateremka kwa miguu.

Jengine la muhimu kwa mtu wa haibridi, hewa ya kupoza betri kubwa inavutwa kutoka ndani ya gari. Vumbi, nywele, maganda ya njugu ya watoto, vyote vinakwenda kuziba kile kichujio na betri ikikosa hewa inapata joto na kufa kabla ya siku zake. Fundi alikifungua pale pale yadi na kupiga tochi, kilikuwa na ukungu wa kijivu kama pamba, akakisafisha kwa brashi ya meno. Mimi nafanya kila miezi mitatu. Na hewa ya bahari, chini naiosha kwa maji ya kawaida kila nikitoka Mkoani bandarini.

Kwa hiyo kama mtu ananiuliza ile ya 2018 ilistahili milioni saba na nusu zaidi, kwangu mimi hapana. Ile ya Septemba 2018 walibadili sura, wakaboresha mambo ya usalama, wakatoa na ya siti tano, vizuri, lakini injini ya haibridi ni hiyo hiyo. Ungeniambia tofauti iko kwenye gia boksi ningekopa nikaongeza.

Wiki iliyopita shemeji yangu kanipigia, keshapagawa na Sienta ya sasa, umbo la tatu lililotoka Agosti 2022, kaiona kwenye simu anataka ya mwaka huo huo wa kwanza kwa kuwa bei imeshuka kidogo. Nikamuuliza swali la fundi, mwaka wa kwanza wa nini? Tukatafuta pamoja, injini yake ya mitungi mitatu, M15A, ilishaanza kwenye Yaris ya 2020, kwahiyo huko Japani si ngeni. Nikamwambia shemeji injini haitokunyima usingizi, lakini kaulize kwanza taa ya mbele. Kazunguka maduka manne Unguja. Mawili wakamuuliza ndo gari gani hiyo, la tatu wakasema labda mwakani, la nne wakataka picha. Bado anaitaka. Jumamosi inshallah tunakwenda kuitazama, miye nachukua tochi na fundi wangu, na kitambaa cha kupangusia pale kwenye kitasa cha mlango.