Kikombe cha fedha cha mwaka 1928 nilichonunua Arusha

Kama unatafuta makombe ya zamani ya michezo, duka nililonunua langu, mitaa ya karibu na Mnara wa Saa, nalipatia nyota tatu kati ya tano. Mali wanayo. Maelezo yao ndiyo ya kuyachukua kwa tahadhari.

Vikombe vimerundikwa rafu moja na mabirika na trei, na ukimuuliza mzee wa duka, vyote ni fedha. "Silva tupu hii, kijana wangu, mali ya Mwingereza." Nikamwitikia kwa adabu, kisha nikaanza kuvigeuza kimoja kimoja. Vingi vina herufi EPNS chini, maana yake ni vya kuchovya: ndani ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, juu yake fedha nyembamba iliyowekwa kwa umeme. Ufundi huo akina Elkington wa Birmingham waliuwekea hataza mwaka 1840, na tangu hapo hata klabu isiyo na hela iliweza kumpa mshindi wake kitu cha kung'aa. Tazama masikio na ukingo: penye kushikwashikwa sana fedha imelika, rangi ya chini inachungulia. Si vibaya kukinunua, ila kisiwe kwa bei ya fedha.

Changu ni kidogo, kimo cha glasi ya chai, masikio mawili. Kwa lenzi nilimwona simba anayetembea, mguu mmoja juu, ambaye ndiye hakikisho la Kiingereza kwamba fedha ni sehemu 925 kati ya 1,000. Pembeni kuna nanga ya Birmingham (mji usio na bahari, lakini ndiyo alama yake, ingekuwa Sheffield ungekuta taji, maana ua waridi walilianza 1975). Halafu herufi D, alama ya mwaka 1928. Nembo ya fundi imefutika nusu.

Kilichonifanya nitoe hela ni maandishi ya tumboni: tenisi, wawili wawili mchanganyiko, 1931. Basi. Jina la klabu hakuna, la mshindi hakuna. Yamechongwa kwa mkono, unaona patasi ilipozama na ilipopita juujuu, na mkia wa ile 3 umeteleza ukatoka nje ya mstari. Vikombe vya kimo hiki ndivyo mshindi alivyobaki navyo moja kwa moja; lile kombe kubwa hurudishwa kila mwaka kugombewa upya. Ndiyo maana vidogo ndivyo vinavyozagaa madukani.

Sasa lawama yangu. Wanang'arisha kwa mashine bila kuulizwa. Niliona kikombe kingine kizuri, kikubwa kuliko changu, simba wake hana tena kichwa, na jina la bingwa limebaki kivuli. Wametoa weusi, wametoa na historia. Weusi wa fedha ni salfa ya hewani tu. Kitambaa laini na dawa ya kusafishia fedha vinatosha. Mtu akikutajia majivu au dawa ya meno, chukua kikombe chako uondoke. Changu niliwakataza, nikakipeleka kwa sonara Moshi. Akaunyoosha mbonyeo kutokea ndani, taratibu, bila kuyagusa maandishi. Huyo nyota tano.

Fedha kuyeyushwa si jambo geni, ikumbukwe. Kombe la kwanza la FA, la soka la England, liliibwa mwaka 1895 kwenye dirisha la duka huko huko Birmingham, na halikuonekana tena, inasemekana liliyeyushwa. Kuna safari ya kinyume pia: klabu ya raga ya Calcutta ilipovunjika, wanachama walitoa akiba yao benki kwa rupia za fedha, zikayeyushwa, na mwaka 1878 kombe lililotokana nazo likakabidhiwa kwa chama cha raga cha Uingereza. England na Scotland wanaligombea mpaka leo. Masikio yake ni nyoka watatu, na juu ya kifuniko kuna tembo.

Bei: walianza na 550,000, tukamalizana kwa 380,000. Usikubali kabla hawajakipima uzito mbele yako, bila kitako cha mbao. Risiti ya EFD (ile mashine ya kodi) hawatoi mpaka uidai, na ukiidai mashine huwa "ina shida ya mtandao", subiri, itapona.